SOMO: Gereji imeharibu gari kwenye sevisi, kisha bili wanakuletea wewe

Naandika haya mara moja niwe nimemaliza. Kila wiki napata ujumbe uleule: "Nilipeleka gari kubadilisha oili tu, limetoka linagonga, nao wanataka nilipe." Nasimamia magari sita ya kubeba wageni hapa Mombasa, na jambo hili limenikuta mara mbili, zote kwa gereji za kampuni zinazouza magari mapya. Mara ya kwanza nilipoteza shilingi 68,000. Mara ya pili nilipeleka gari kubadilisha oili ya injini tu, giaboksi ikafa, nikaletewa bili ya 212,000 na sikuilipa. Wakili sikuwa naye mara zote mbili. Kilichoniokoa ni hatua ya 4, kwa hiyo msiiruke.

Hatua ya 1. Kabla ya kutoa ufunguo, piga video ya dakika mbili: zunguka gari lote, boneti wazi, dashibodi injini ikiwaka, kilomita zisomeke.

Hatua ya 2. Soma kadi ya kazi (karatasi ya gereji inayoandikwa kazi uliyoagiza) kabla ya kutia sahihi, na ubaki na nakala. Wakikunyima, ipige picha.

Hatua ya 3. Siku ya kulichukua, chomoa kijiti cha oili mbele yao, chungulia chini, kisha liendeshe kidogo mkiwa pamoja. Wakikupa ile karatasi ya "nimepokea gari katika hali nzuri", andika juu ya sahihi yako: *sijalijaribu barabarani*.

Hatua ya 4. Ukisikia au ukiona kitu, zima gari na usikubali mtu yeyote alifungue.

Hapa ndipo nilipoumia. Lile gari la kwanza lilitoka sevisi saa tano asubuhi, na magharibi nikakuta dimbwi la oili chini yake. Nati ya kumwagia oili ilikazwa kwa nguvu mpaka meno ya sampu (lile bakuli la oili chini ya injini) yakaliwa. Nilikuwa na wageni wa kuwapeleka Tsavo alfajiri, nikamwita fundi wangu wa siku zote. Akafungua, akatupa sampu ile, akafunga nyingine, akabadilisha na beringi zilizokwisha kuumia kwa kukosa oili. Kazi nzuri kabisa. Siku ya tatu nilipokwenda kudai, meneja aliniuliza swali moja: "Sampu yetu iko wapi?" Sikuwa nayo. Akasema fundi wangu ndiye aliyeharibu, na sikuwa na kitu cha kumjibu. Nilikuwa na haki, lakini ushahidi wake nilikuwa nimeutupa jalalani.

Kwa hiyo:
- Usiliendeshe kurudi gereji. Livutwe, na risiti ya kulivuta uitunze. Kila kilomita unayoongeza watasema uliliua mwenyewe.
- Usiongeze oili wala kupunguza. Piga picha ya kijiti kama kilivyo, ya dimbwi, na ya taa za dashibodi.
- Fundi wako aje kutazama, mikono nyuma.
- Kitu kisifunguliwe mpaka wao wawepo na wewe uwepo. Kinachotolewa kiwekwe kwenye mfuko, kiandikwe tarehe, kipigwe picha.
- Wakisema "tuachie tu, tutakupigia", kataa. Omba saa ya kufungua na uwe hapo.

Hatua ya 5. Andika. Maneno ya simu hupotea. Barua pepe moja fupi: namba ya gari, tarehe, kilomita, namba ya kadi ya kazi, kilichotokea, unachotaka, na siku 14 za kujibu. Usitukane, kwa sababu barua hiyo huenda ikasomwa na hakimu. Omba makadirio yaliyoandikwa na spea zote zilizotolewa. Kwa Kenya una nguvu hapa: Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima ya matengenezo ya magari. Mtengenezaji hatakiwi kukutoza bila kukupa makadirio kwanza, akishayatoa bili isiyapite kwa zaidi ya asilimia 10, na spea za zamani anapaswa kukurudishia. Kazi ambayo hukuiagiza, useme wazi kwenye barua kwamba hukuiagiza.

Hatua ya 6. Tafuta mkaguzi asiye wa kwao, mfano wale wanaokagua magari ya bima. Ripoti ijibu swali moja tu: nini kimesababisha uharibifu? Orodha ya kila kasoro ya gari itakuumiza, maana watachagua ile inayowafaa.

Hatua ya 7. Gawa bili. Sevisi uliyoagiza na ikafanywa sawasawa, lipa. Unayoipinga, itaje kwa maandishi. Jua kwamba gereji ina haki ya kushikilia gari kwa kazi uliyoiagiza na hujailipa, kwa hiyo usiende na vijana kulitoa kwa nguvu. Ikiwa gari ndilo riziki yako na huwezi kungoja, lipa lakini andika kwenye ankara yenyewe: *nalipa ili nipate gari, deni silikubali*, kisha tuma maneno hayo hayo kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Wala usilisuse gari huko miezi na miezi. Ipo sheria inayoruhusu mali isiyochukuliwa kuuzwa baada ya muda na notisi.

Hatua ya 8. Wakikaa kimya, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, kwa Kiswahili chako. Mimi sikufika huko. Nilipowapelekea picha, ripoti na rasimu ya madai, walifuta bili ya 212,000, wakatengeneza giaboksi kwa gharama yao, wakanirudishia na pesa ya kulivuta.

---

MASWALI

Chaka wa Likoni: Boss ni ndefu sijasoma yote. Nikienda polisi si watawashika tu warudishe pesa?

Jibu: Ugomvi wa bili ni wa madai. Polisi hawaamui nani anadaiwa. Soma hatua ya 8.

Chaka wa Likoni: Sawa lakini fundi wangu ameshafungua injini jana. Sasa?

Jibu: Nilisema mwanzoni kabisa hatua ya 4 msiiruke. Mwambie asimame sasa hivi, asitupe hata skrubu, akuandikie alichokikuta na tarehe. Umepunguza nguvu zako ndugu yangu, lakini hujaisha.

Mwalimu Mwanaisha: Kaka, shukrani. Nataka kuelewa tu. Hilo gari la pili lilifanywa nini mpaka giaboksi ikafa wakati ulipeleka oili ya injini? Na kijiti cha oili kinathibitishaje mambo ya gia?

Jibu: Mwalimu, umeuliza swali ambalo meneja wao hakutaka kuulizwa. Kwenye baadhi ya magari nati ya kumwagia oili ya injini na ile ya gia zipo karibu, zote chini. Fundi mwenye haraka anafungua ya gia akidhani ni ya injini. Anamwaga oili ya gia yote, anafunga, kisha juu anajaza lita nne mpya za injini wakati zile za zamani bado zimo. Sasa una makosa mawili ndani ya gari moja. Injini imejaa kupita kiasi, mtaimbo wa injini (crankshaft) unaipiga oili mpaka inatoa povu na moshi. Giaboksi nayo imekauka, na hizi za CVT (giaboksi za otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia za meno) zinategemea presha ya oili kuubana mkanda wa chuma kwenye puli. Presha ikikosekana mkanda unateleza na kukwaruza chuma. Ndiyo maana kijiti kilinitetea: oili ilikuwa juu sana ya alama, tena nyeusi. Kwenye injini ya petroli, oili iliyobadilishwa jana haiwi nyeusi. Wao walidai gia ilikuwa imechoka kwa umri, lakini umri haujazi injini oili mara mbili.

Mwalimu Mwanaisha: Sasa nimeona kwa nini ulisema usipunguze oili. Ungeimwaga ungebaki na neno lako tu.

Jibu: Ndivyo hasa, Mwalimu.

Fundi Kombo: Mimi ni fundi miaka kumi na tisa. Mnatuchafua. Wateja wengi huleta gari limekufa tayari halafu wanatafuta wa kumbebesha.

Jibu: Nimeishi na mafundi, na fundi wangu ni kama ndugu. Ndiyo maana hatua ya 1 ipo. Video ya kabla ya sevisi inamlinda fundi mwaminifu kuliko inavyonilinda mimi. Kama kuna hatua inayomdhulumu fundi, itaje nitaibadilisha.

Fundi Kombo: Hatua ya 1 sina neno nayo. Basi niongeze moja: kwa sampu za alumini, mteja adai washa mpya ya nati (ile pete ya kuzibia oili) kila sevisi, na nati ianzwe kwa vidole kabla ya spana. Ikikataa vidole, isilazimishwe. Meno mengi huliwa hapo.

Jibu: Ahsante sana fundi. Hili laiti ningelijua siku ile.

Bi Saumu, Tanga: Je, sisi wa huku yanatuhusu?

Jibu: Hatua ya 1 hadi 7 dada fuata zote, isipokuwa mambo ya sheria niliyoyataja, ambayo ni ya Kenya. Mahakama niliyoitaja pia ni ya Kenya. Kwa Tanzania anza na Tume ya Ushindani, FCC, nayo hushughulikia ulinzi wa mlaji.

Dereva wa Mtwapa: Wameniambia nikimleta mkaguzi wa nje waranti imekufa.

Jibu: Waambie wakuonyeshe kifungu kwenye kitabu cha waranti, kwa maandishi. Kukagua si kutengeneza, na mkaguzi anatazama wakati wao ndio wanaofungua. Mimi niliomba kifungu hicho mara mbili na sikuletewa.

Dereva wa Mtwapa: Na nati za magurudumu? Juzi nimetoka sevisi, karibu na Kikambala gurudumu likaanza kucheza.

Jibu: Ulisimama? Alhamdulillahi. Hiyo usiingoje bili wala barua. Ukitoka sevisi yoyote ambayo magurudumu yalitolewa, simama baada ya kilomita 50 hivi uzikaze tena, gari likiwa chini na si kwenye jeki. Piga picha nati zilivyokaa sasa, hesabu zilizolegea, kisha waandikie leo. Gurudumu lipi?

Dereva wa Mtwapa: La mbele kushoto. Tatu kati ya tano zilikuwa zinazunguka kwa vidole.

Jibu: Usiliendeshe kesho. Piga simu walete mtu hapo lilipo, na kabla hajagusa, picha.