Angalia mwaka wa kizio kabla ya kulinganisha Pato la Taifa

Unaposoma kwamba uchumi wa nchi umekua kwa kiwango kikubwa kuliko kawaida, tafuta kwanza mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake na mgawanyo wa shughuli zake hutumiwa kupimia miaka mingine. Mwezi Septemba 2014, Kenya ilihamisha mwaka huo kutoka 2001 hadi 2009, na Pato la Taifa la mwaka 2013 likapanda kwenye vitabu kwa takribani asilimia 25, kwa sababu hesabu mpya zilizipa uzito unaostahili shughuli zilizokuwa zimepanuka, zikiwemo huduma za simu na biashara ya majengo. Mfuko wa mwananchi haukuongezeka hata shilingi moja, lakini nchi ilitajwa kuwa ya kipato cha kati cha chini, na uwiano wa deni kwa pato ukashuka bila deni lenyewe kulipwa. Hili la deni ndilo ninaloomba lizingatiwe zaidi, maana uwiano huo hutumiwa mara nyingi kuhalalisha mikopo mipya.

Kwa hiyo, linganisha miaka iliyohesabiwa kwa kizio kimoja tu, kisha uondoe kasi ya ongezeko la watu kwenye kasi ya ukuaji wa uchumi: uchumi unaokua kwa asilimia 5 huku watu wakiongezeka kwa asilimia 3 humwongezea kila mtu, kwa wastani, takribani asilimia 2 pekee.