Uza leso na madera bila watu kukumyuti

Wiki moja kabla ya Idd nliposti madera 23 kwenye stetasi ya WhatsApp siku moja, ile mistari ya juu ikawa midogo kama mishono ya cherehani, nami najiona nimefanya kazi kweli. Kesho yake shangazi akanambia bila haya, "Mwanangu, mimi wewe nshakumyuti tangu Shaabani, stetasi zako sizioni." Shangazi wa damu jamani!

Sasa nafanya hivi. Mtu hafungui simu anunue leso, afungua kupitisha wakati ama ana jambo alitafuta, so mpe jambo kwanza. Mimi naenda na nne kwa moja, yani posti nne za kumfaa hata asiponunua, ya tano ndo nauza. Si sheria hiyo, ikikaribia Idd ama msimu wa harusi nafanya nusu kwa nusu na hakuna anayelalamika, wenyewe watafuta nguo.

Hizo nne usiumize kichwa, zitoe kwa maswali ya wateja. Dada mmoja aliniuliza mbona leso yake mpya imemchujia shuka nyeupe. Nikarekodi video fupi tu: beseni, maji baridi, leso peke yake bila kuchanganya na nguo nyengine, maji yakatoka mekundu kama juisi ya ukwaju iliyotiwa rangi, kisha nikaianika kivulini maana jua letu hili halina huruma. Bei sikutaja. Lakini leso nlokua nafua ni ya mzigo wangu, na komenti ya kwanza ikawa "hiyo yaenda pesa ngapi?" Bidhaa iwe ndani ya somo, umeona? Siku nyengine weka jina la leso, yale maneno yaloandikwa juu yake, uwaulize maana yake, hapo watabishana mpaka usiku, ama onyesha vile wakata doti na kuipinda.

Siku ya kuuza nayo, uza! Taja bei, saizi, uko wapi, na ukipeleka Likoni ama Nyali nauli ni juu ya nani. Hii "bei njoo inbox" naichukia wallahi, mtu yuko ndani ya matatu, bando yenyewe ya kuhesabu, halafu wamzungusha. Kama watumia WhatsApp Business weka katalogi na bei zake, maswali yatapungua.

Jengine, asosevu namba yako stetasi haimfikii, na ikifika saa 24 ishapotea, so ukimfungia mteja mzigo mwambie akusevu palepale, na ile video ya kufua iweke pia Facebook ama Instagram ikae.

Magrupu ya familia na chama usimwage matangazo. Lile la harusi mimi hukaa kimya mpaka mtu aulize sare yapatikana wapi, hapo naweka picha mbili na bei, kisha nanyamaza tena.