Kuhamisha Kitabu cha PageMaker Kwenda InDesign Bila Mistari Kusogea

Faili ya PageMaker, programu ya zamani ya kupanga kurasa za vitabu, ikifunguka ndani ya InDesign, programu ya Adobe iliyochukua nafasi yake, kazi ndiyo kwanza inaanza. Vichwa viko mahali pake, picha zipo, namba za kurasa zipo. Kisha unagundua mstari wa mwisho wa ukurasa wa 39 umehamia ukurasa wa 40, na kuanzia hapo kila kitu kimesukumwa. Kitabu chenye faharasa hakivumilii hilo. Kitabu cha kiada, ambacho mwalimu huwaambia wanafunzi wafungue ukurasa fulani wakiwa na nakala za zamani na mpya darasani, hakivumilii pia.

Kwa hiyo amua mapema kitabu kinahitaji nini. Kama kinachapwa tena bila kubadilishwa hata nukta, usikihamishe: kitolee PDF kutoka PageMaker yenyewe na uipeleke kiwanda cha uchapaji. Kama kinaandikwa upya kwa sehemu kubwa, toa maandishi matupu na upange kurasa upya, maana utapoteza muda mrefu kuokoa mpangilio utakaoubomoa. Hatua zinazofuata ni za kitabu kilicho katikati: kinasahihishwa hapa na pale, lakini kurasa zake lazima zibaki zilivyo.

Tambua toleo

PageMaker ilitoka mwaka 1985 chini ya kampuni ya Aldus, Adobe ikaichukua ilipoinunua Aldus mwaka 1994, na toleo la mwisho, 7.0, lilitoka 2001. Herufi za mwisho wa jina la faili ndizo zinazokuambia umri wake: .pm4 na .pm5 ni za toleo la 4 na la 5, .pm6 ni ya 6.0, .p65 ni ya 6.5, na .pmd ni ya 7.0. Violezo vina majina ya jirani: .pt6, .t65, .pmt. Faili zilizotoka kwenye Mac za zamani mara nyingi hazina herufi hizo kabisa. Ziongezee mwenyewe kabla ya kuzifungua kwenye Windows.

InDesign CS6 na baadhi ya matoleo yaliyoitangulia hufungua faili za PageMaker 6.0 hadi 7.0 moja kwa moja. InDesign za sasa hazifungui. Faili za toleo la 4 na la 5 lazima kwanza zipitie PageMaker 6.5 au 7.0, ambayo huzifungua kama kazi mpya isiyo na jina. Zihifadhi kwa jina jipya, na faili asili usiiguse.

Mashine ya kazi

Ukiwa na PageMaker 7 yenye leseni, isakinishe ndani ya Windows XP kwenye mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta yako, kwa mfano kwa VirtualBox. Zima intaneti ya mashine hiyo; XP haipati tena masahihisho ya usalama, na kazi hii haihitaji mtandao.

Weka vitu viwili kabla ya kufungua faili yoyote. Cha kwanza ni fonti. Kwenye kompyuta ya zamani tafuta folda C:\psfonts, ambako fonti za PostScript Type 1 zilikaa: faili za .pfb zenye maumbo ya herufi, na ndani ya folda ndogo ya pfm, faili za .pfm zenye vipimo. Chukua zote mbili. Moja bila nyingine haikusaidii. Chukua pia fonti za TrueType kutoka C:\Windows\Fonts.

Cha pili ni printa inayotumia PostScript, lugha ya Adobe ya kuelezea kurasa, hata kama hakuna printa mezani. PageMaker hupanga kitabu kwa kuzingatia printa iliyochaguliwa kwenye "Document Setup", na ikikosa printa husumbua. XP inakuja na viendeshi vya Apple LaserWriter; sakinisha kimojawapo na ukiunganishe na mlango wa FILE.

Unapofungua faili, PageMaker ikikosa fonti huleta dirisha la PANOSE, mfumo wa kulinganisha fonti, likipendekeza mbadala. Chagua mbadala wa muda, "Temporary". Ukichagua wa kudumu na kuhifadhi, jina la fonti asili linafutika ndani ya faili, na hutajua tena kitabu kilipangwa kwa fonti gani. Jambo la busara zaidi ni kufunga faili, kutafuta fonti, na kurudi.

Toa PDF ya kupimia

Usihamishe chochote kabla ya kuwa na PDF ya kitabu kama kilivyo. Hiyo ndiyo rula yako. Kwenye PageMaker nenda "File", "Print", kisha "Options", weka alama kwenye "Write PostScript to file", na uzime alama za kukatia. Faili ya .ps utakayopata ibadilishe kuwa PDF kwa Distiller iliyokuja na PageMaker 7, au kwa Ghostscript ya bure kwa amri ps2pdf. Linganisha kurasa chache na nakala iliyochapwa. Mistari ikiishia pale pale, PDF hiyo ni ya kuaminika. Isipofanana, fonti au printa si ile ya awali, na kasoro hiyo itakufuata hadi mwisho.

Sasa hifadhi kazi kwa "Save As", siyo "Save". "Save" huongeza mabadiliko juu ya yale ya zamani na faili huvimba, ilhali "Save As" huiandika upya ikiwa safi. Ndani ya dirisha hilo hilo chagua "All linked files" ili picha zote zilizounganishwa zinakiliwe kwenye folda moja na kitabu. Kabla ya hapo fungua "Links Manager" uone zipi zimepotea. Picha zinazozidi kilobaiti 256 kwa kawaida hazikuwekwa ndani ya kitabu. Kilichomo ni taswira hafifu ya kuonyesha tu, na ukiichapa itatoka imekatika vipande vipande.

Tafuta pia vitu vilivyobandikwa kwa OLE, njia ya Windows ya kupachika kazi ya programu nyingine, kama chati za Excel. InDesign haiungi mkono OLE na vitu hivyo havitatokea kabisa, wala pengo halitakupigia kelele. Njia rahisi ni kuchukua ukurasa huo kutoka kwenye PDF ya kupimia, kuuweka kwenye fremu ya picha ndani ya InDesign na kupunguza kingo mpaka ibaki chati peke yake.

Fungua kwenye CS6

Funga faili kwenye PageMaker, inakili nje ya mashine pepe, kisha ifungue kwa "File", "Open" ya InDesign CS6 ukichagua kuonyesha faili zote. Orodha ya maonyo ikitokea, ihifadhi. Kurasa mama, zinazobeba vitu vinavyojirudia kila ukurasa, zinahama na vitu vyake, mitindo ya aya inahama, na vitu vilivyokuwa nje ya ukurasa vyote hurundikwa kando ya kurasa za mwanzo. Rangi zilizopangwa kwa HLS zinageuka RGB, mfumo wa rangi za skrini, jambo la kurekebisha kabla ya kiwanda. Marekebisho ya picha yaliyofanywa kwa "Image Control" yanapotea.

Hifadhi kama .indd, kisha toa nakala ya IDML, muundo wa faili wa kubadilishana kazi za InDesign, kwa "File", "Export". IDML ndiyo inayofunguka kwa usalama kwenye InDesign za sasa; programu nyingine za kupanga kurasa, Affinity na Scribus, pia huisoma.

Kwa nini mistari inasogea

Sababu ni tatu, na ni bora kuzishughulikia kwa mpangilio huu.

Fonti kwanza. CS6 bado inasoma Type 1, kwa hiyo kila kitu kitaonekana kizuri humo. Adobe iliacha kuziunga mkono fonti hizo Januari 2023, na ukifungua IDML kwenye InDesign ya sasa utaona maandishi yamepakwa rangi ya waridi ya fonti iliyokosekana. Nunua toleo la OpenType la fonti ile ile, au kama leseni inaruhusu, geuza .pfb kwa FontForge, programu ya bure ya kuhariri fonti. Kumbuka kwamba .pfb haina nafasi za jozi za herufi kama A na V, zipo kwenye .pfm au .afm, na kwenye FontForge unaziingiza kwa "Merge Feature Info". Ukisahau hatua hii, kila mstari unarefuka kwa nywele moja, na aya ndefu zinaongeza mstari mzima. Usikubali pia fonti ya jina moja kutoka kampuni nyingine. Garamond ziko nyingi, na upana wao haulingani.

Pili, namna aya inavyopangwa. PageMaker huamua mstari mmoja baada ya mwingine. InDesign kwa kawaida huitazama aya nzima na kurudi nyuma kubadilisha mistari ya juu. Fungua kila mtindo wa aya, nenda "Justification", na kwenye "Composer" chagua "Adobe Single-line Composer". Hapo hapo linganisha asilimia za nafasi za maneno na zile zilizo kwenye "Spacing" ya aya ndani ya PageMaker. Ni kweli kwamba mpangilio wa aya nzima hupendeza zaidi, lakini hapa hatutafuti urembo, tunatafuta kurasa zilezile.

Tatu, nafasi kati ya mistari. PageMaker, isipoelekezwa vingine, huweka theluthi mbili za nafasi juu ya mkalio, yaani mstari ambao herufi zinakalia, na theluthi moja chini yake. InDesign hupima kutoka mkalio hadi mkalio, na mstari wa kwanza wa fremu huuweka kwa kufuata kimo cha fonti. Matokeo yake safu nzima hupanda au kushuka, na wakati mwingine mstari wa chini hukosa nafasi. Chagua fremu, bonyeza Ctrl+B, nenda "Baseline Options", weka "Fixed", na kwenye "Min" andika theluthi mbili za nafasi ya mistari. Kwa maandishi ya pointi 11 juu ya 13, hiyo ni 8.67. Ikikubali kwenye ukurasa mmoja, ifanye mtindo wa kitu ("Object Style") na uupake kwenye fremu zote za maandishi ya kawaida. Ukurasa unaoanza na kichwa kikubwa unahitaji hesabu yake.

Kupima, tengeneza tabaka ("layer") jipya chini ya mengine yote, na kwenye mipangilio yake uondoe alama ya "Print Layer". Likiwa limechaguliwa, tumia hati ya amri ya "PlaceMultipagePDF" iliyomo kwenye dirisha la "Scripts", folda ya "Samples", kuweka PDF ya kupimia kurasa zote. Punguza ukolevu wake ("Opacity") hadi asilimia 30, funga tabaka, kisha pitia ukurasa kwa ukurasa. Herufi zikikaa juu ya kivuli chake, endelea. Zisipokaa, tafuta ukurasa wa kwanza ulioharibika na urekebishe hapo tu. Mara nyingi kurasa kumi zinazofuata zinajirudi zenyewe.

Maandishi ya Kiswahili na lugha zetu

Vitabu vingi vya Kiswahili vilipangwa PageMaker ikidhani maandishi ni Kiingereza. Kwa hiyo maneno yalikatwa kwa kanuni za Kiingereza, na InDesign inaendeleza kosa hilo kwa kamusi tofauti, yaani kwa makosa mapya. Kama orodha ya lugha zako haina Kiswahili, weka "[No Language]" kwenye mitindo yote ili ukataji usimame, kisha pale PDF inapoonyesha neno limekatwa vizuri, weka kistari cha hiari kwa Ctrl+Shift+kistari. Pale lilipokatwa vibaya, kama "kit-abu", hapo ndipo utakapoamua kama kurasa zilezile zina thamani kuliko neno lililokatwa sawasawa. Kwa nakala mpya, sahihisha.

Angalia alama ya ng'. Waandishi walichanganya alama iliyonyooka na iliyopinda, na iliyopinda mara nyingine inaangalia upande usio wake. Kwenye "Find/Change" andika ng' mahali pa kutafuta na ng^] mahali pa kubadilisha, washa utofautishaji wa herufi kubwa na ndogo, kisha rudia kwa Ng' na NG'.

Tatizo kubwa zaidi ni la vitabu vya Kikuyu, Kikamba na lugha nyingine zenye ĩ na ũ. Enzi hizo fonti zilichongwa ili herufi hizo zikae mahali pa nyingine, na ukibadilisha fonti, alama ngeni zinatokea. Andika orodha ya kila alama ngeni na herufi iliyokusudiwa, badilisha moja moja ukitumia mtindo wa aya kama mpaka, na usiguse sehemu za Kiingereza au Kifaransa ambamo alama hiyo ni halali.

Bila CS6

LibreOffice Draw na Scribus 1.6 zote mbili hufungua faili za PageMaker 6 na 7. Usitarajie mpangilio kamili. Zinafaa kuona kilichomo na kuokoa maandishi. Ukiwa na PageMaker, maandishi hutoka safi zaidi: bofya ndani ya simulizi, yaani mtiririko mmoja wa maandishi, kwa zana ya maandishi, Ctrl+A, kisha "File", "Export", na uchague RTF ili mitindo ibaki.

Wenye rafu za faili za Microsoft Publisher wasingoje. Microsoft imetangaza kuacha kuiunga mkono Oktoba 2026, na wanaoitumia kupitia Microsoft 365 hawataweza kuifungua baada ya hapo. Kila .pub itolewe PDF leo, na zinazohitaji kuhaririwa zijaribiwe kwenye LibreOffice Draw wakati Publisher yenyewe bado ipo ya kulinganishia.