Leso moja, rangi nne: kubadilisha rangi ya nguo kwenye picha

Wauzaji wa leso wa Biashara Street wanaijua tabu hii: mzigo umefika, mchoro ni mmoja, jina (ule msemo ulioandikwa) ni moja, rangi ni nne, na pesa za mpiga picha ni za picha moja tu. Nyekundu imepigwa. Buluu, kijani na manjano zitatoka kwenye kompyuta. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha, na hapa naeleza ninavyoifanya kwa GIMP, programu ya bure inayokubali hata laptopu kuukuu. Mwenye Photoshop njia yake ni hiyo hiyo, ila vitufe vina majina mengine.

Kwanza kabisa, omba kipande halisi cha kila rangi. Mara ya kwanza mimi sikuomba. Nilitengeneza buluu niliyoipenda mwenyewe, picha zikaenda kwa wateja, na wiki iliyofuata mama mwenye duka akaniita. Doti imerudishwa, iko juu ya meza.

"Mwanangu, buluu hii umeitoa wapi? Yangu ni samawati."

"Nisamehe, mama."

Kazi nikairudia bure.

Hatua ya 1: Piga picha inayobadilika

Picha mbaya haibadiliki vizuri. Kila pikseli ina namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, na kwenye JPEG kila moja huanzia 0 na kukomea 255. Anika leso nyekundu kwenye jua letu la saa sita, namba ya nyekundu itagonga 255 kila mahali na mikunjo itapotea. Ukiigeuza kuwa buluu utapata bapa tupu, kama rangi ya mafuta iliyopakwa ukutani. Piga kivulini, barazani ni pazuri, mbali na ukuta wenye rangi kali. Kamera yako ikiwa na RAW, yaani faili ghafi isiyobanwa kama JPEG, itumie: JPEG kwa kawaida huhifadhi mwanga kwa makini kuliko rangi, na ubaya huo unaonekana kwenye kingo.

Hatua ya 2: Nakala

Fungua picha, bonyeza Shift+Ctrl+D. Sasa una leya mbili, yaani matabaka mawili ya picha ile ile, moja juu ya jingine. Ya chini usiiguse tena.

Hatua ya 3: Zungushia nguo

Bonyeza F upate kamba ya kuchagulia eneo. Kuza picha hadi uone pikseli, kisha bofya nukta baada ya nukta kufuata ukingo wa leso, kwa ndani kidogo. Ukifika mwisho bonyeza Enter. Vidole vilivyoshika nguo uvizunguke kimoja kimoja. Ndiyo, inachosha. Kuna fimbo ya kuchagua kwa rangi, Shift+O, nayo ni nzuri kwa tuktuk au mlango, lakini kwa leso nyekundu iliyovaliwa na mtu itakuletea matata: rangi ya ngozi zetu, kuanzia nyeusi hadi maji ya kunde, yote imo upande ule ule wa nyekundu na machungwa. Usipoitenga ngozi, mwanamitindo wako atatoka na mikono ya samawati.

Lainisha ukingo kwa pikseli 1 au 2 (menyu ya Select, Feather). Kisha bofya leya ya juu kwa kitufe cha kulia, chagua Add Layer Mask, halafu Selection. Ondoa uchaguzi kwa Shift+Ctrl+A, la sivyo brashi haitapaka nje yake. Hiyo maski ni stensili: palipo peupe panaonekana, palipo peusi panafichwa. Ukikosea, chukua brashi nyeusi au nyeupe upake juu yake. Hakuna kinachofutwa.

Sasa inakili leya hiyo mara mbili zaidi. Maski inafuatana nayo, kwa hiyo kuzungushia umefanya mara moja tu. Zipe majina: buluu, kijani, manjano. Ukishughulikia moja, zifiche nyingine mbili kwa kubofya jicho lililo kando yake.

Hatua ya 4: Geuza rangi

Bofya kijipicha cha leya, si cha maski. (Kosa hili limenila saa nzima za maisha yangu: unahangaika na rangi haibadiliki.) Fungua Colors, kisha Hue-Saturation. Fikiria rangi zimepangwa kwenye duara la digrii 360: nyekundu iko 0, manjano 60, kijani 120, buluu 240. Kitelezi cha Hue kinakuzungusha. Kutoka nyekundu, weka 120 upate kijani, -120 upate buluu. Samawati ya yule mama ilikuwa karibu na -150, Lightness imepandishwa na Saturation imeshushwa kidogo.

Kama mji wa leso, yaani sehemu yake ya katikati, una maua ya rangi nyingine yasiyotakiwa kubadilika, bonyeza kwanza R kwenye lile duara la dirishani, ili nyekundu peke yake ndiyo itembee. Ukiona mpaka wa rangi umekatika kama kwa wembe, ongeza Overlap.

Pindo jeusi na jina lililoandikwa kwa nyeupe havitahama, kwa kuwa nyeusi na nyeupe hazina nafasi kwenye duara. Kwetu ni bahati. Ndiyo sababu pia situmii zana za akili mnemba kwa leso: nilipozijaribu, zilichora nguo upya na herufi za jina zikatoka kama mikwaruzo ya kuku. Leso isiyosomeka jina nani ataifunga?

Hatua ya 5: Manjano ina vita vyake

Ukizungusha nyekundu hadi 60, sehemu zenye mwanga zitapendeza, lakini mikunjo itakuwa kijani chafu, kama maji ya mchicha. Chanzo ni macho yetu. Kwenye hesabu za skrini za kawaida, kijani hubeba karibu asilimia 72 ya mwangaza tunaouona, nyekundu 21 na buluu 7. Manjano ni nyekundu na kijani pamoja, kwa hiyo kivuli kilichokuwa kikijificha ndani ya nyekundu sasa kinapiga kelele.

Fungua Colors, Curves. Kwenye chaneli zote, inua katikati ya mstari kidogo. Kisha chagua chaneli ya kijani na uishushe sehemu ya chini tu, ya vivuli. Mikunjo itaelekea machungwa na hudhurungi, kama ilivyo kwenye manjano ya kweli. Buluu ina shida ya kinyume: huwa nzito. Iinue kwa Curves hizo hizo.

Hatua ya 6: Wekundu uliobaki

Hapa ndipo kazi nyingi hujulikana kuwa ni za uongo. Nguo nyekundu hurusha wekundu chini ya kidevu, kwenye kiganja, kwenye ukuta mweupe wa nyuma. Ukigeuza nguo ikawa kijani, ule wekundu unabaki palepale bila mwenyewe.

Weka leya mpya tupu juu ya zote, mtindo wake (Mode) uwe HSL Color. Chukua brashi laini (P), ukolevu wake (Opacity) asilimia 15 au 20. Shikilia Ctrl na ubofye ngozi iliyo mbali na nguo ili kuchota rangi yake, kisha paka chini ya kidevu polepole. Ukutani fanya vivyo hivyo. Usiufute mwangwi wote: pitisha pumzi ya rangi mpya hapo hapo, kidogo mno.

Hatua ya 7: Linganisha, hifadhi, tuma

Zima ile hali ya usiku inayotia skrini umanjano, kaa kivulini, weka kipande cha leso kando ya skrini. Tazama, ondoka ukanywe kahawa chungu, rudi utazame tena. Macho yaliyokodolea buluu kwa nusu saa hayafai kuamua.

Hifadhi kwa Ctrl+S upate faili ya XCF yenye leya zote, kwani rangi ya tano haikosi kuja. Kisha Shift+Ctrl+E utoe JPEG ya ubora wa 90 kwa kila rangi. Kwenye WhatsApp zitume kama faili ya hati, maana zikienda kama picha zinabanwa, na herufi za jina ndizo huharibika mwanzo.