Kipanya cha siriali kisichosogea: pima pini ya 5 kabla ya kugusa draiva

Ami yangu huweka hesabu za karakana ya majahazi huko Matondoni, Lamu, katika kompyuta ya zamani yenye mfumo endeshi wa MS-DOS 6.22. Baada ya mazabodi yake (bodi kuu ya ndani) kubadilishwa, mshale haukusogea tena, nami nilihangaika nao tangu adhuhuri hadi isha.

Hatua ya 1. Zima kompyuta, chomoa kipanya, kisha safisha pini kwa pamba yenye spiriti, kwa kuwa chumvi ya pwani yetu huzila upesi. Swichi iliyo tumboni mwa kipanya, ikiwapo, iwe upande wa MS (Microsoft).

Hatua ya 2. Hapa ndipo siku yangu ilipokwisha. Katika mazabodi nyingi za zamani, poti ya siriali, yaani kiunganishi cha pini tisa cha kuchomekea kipanya, imefungwa kwenye kibati cha nyuma, na kebo bapa huiunganisha na safu mbili za pini kwenye mazabodi. Kuna mipangilio miwili ya kebo hizo: katika mmoja, pini ya 2 ya mazabodi hufika kwenye pini ya 6 ya poti, na katika mwingine hufika kwenye pini ya 2. Kwa macho hazitofautiki na zote huingia vizuri, lakini ukichanganya, BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) itaonyesha COM1, yaani poti ya siriali ya kwanza, kama kawaida huku draiva (programu inayoendesha kipanya) ikisema hakuna kipanya. Nilijaribu draiva tatu na kipanya cha pili kabla ya kushuku kibati cha zamani nilichokirudisha mwenyewe.

Kipimo ni hiki. Chomoa waya wa umeme, weka multimita (mita ya kupimia umeme) kwenye alama ya sauti, gusisha ncha moja kwenye chuma cha kasha kisicho na rangi, na nyingine kwenye pini ya 5 ya poti, yaani ya mwisho kulia katika safu ya pini tano, safu hiyo ikiwa juu. Pini hiyo ni ya ardhi, yaani ya kurudishia umeme. Kipanya hiki hakina waya wake wa umeme, bali hujilisha kutoka RTS na DTR, mistari miwili ya ishara ya poti, kwa hiyo bila ardhi hakiamki. Mita ikinyamaza, hakikisha kwanza kuwa ukingo mwekundu wa kebo uko upande wa pini ya 1. Ikiendelea kunyamaza, tafuta kibati kingine. Wapo wanaokata nyuzi za kebo na kuzipanga upya, lakini mimi siafiki, kwa sababu kiungo cha mkono hakistahimili unyevu wa hapa.

Hatua ya 3. Modemu iliyo COM3 kwa kawaida hutumia IRQ 4 (mstari ambao kifaa huutumia kuiita prosesa) pamoja na COM1. Zikigongana, hamishia kipanya COM2, yenye IRQ 3.

Hatua ya 4. Draiva ninayoipendekeza ni CuteMouse, kwa kuwa ni ya bure na hula kumbukumbu ndogo. Andika CTMOUSE /S1 kwa COM1, au /S2 kwa COM2, na mshale ukisogea, ongeza mstari huo katika AUTOEXEC.BAT, faili ambalo DOS hulitekeleza kila inapowaka.