Swali moja kwa muhula: mwalimu mkuu anavyoweza kujifunza kazi yake kwa simu aliyonayo

Chukua simu ya mwalimu mkuu yeyote wa Moshi Vijijini saa nne asubuhi. Utakuta kundi la kata, kundi la halmashauri, kundi la walimu wakuu, la kamati ya shule, la wazazi wa darasa la saba, na kila moja linadai kitu: takwimu za mahudhurio, picha za chakula cha mchana, fomu iliyotakiwa tangu jana. Teknolojia imeingia ofisini kwetu kwa mlango wa taarifa. Tumezoea kupeleka juu, kiasi kwamba tukisikia "mafunzo kwa mtandao" tunadhani umekuja mfumo mwingine wa kujaza.

Mwongozo huu ni wa kuitumia simu hiyohiyo, au kishikwambi kile cha Sensa ya 2022 tulichogawiwa, kujifunza kazi ya kuongoza shule. Nauandika kwa walimu wakuu wa shule za msingi kwa sababu ndiko niliko. Mkuu wa sekondari atabadilisha machache tu.

Hatua ya 1: Andika swali kabla hujatafuta kozi

Wengi wetu huanza na kozi. Mtu anajisajili, anasoma wiki ya kwanza kwa moyo, halafu mitihani ya kata inaingia na kozi inaishia hapo. Haikufa kwa uvivu. Haikuwa na mahali pa kushikia katika shule yake.

Anza na jambo linalokusumbua hapo ulipo. "Nataka kuwa kiongozi bora" si swali. "Kwa nini mwalimu niliyemwona darasani Februari bado anafundisha vilevile mwezi wa Mei?" hilo ni swali, tena linakugusa wewe mwenyewe, kwa kuwa kumwona mwalimu darasani na kuzungumza naye baadaye ni kazi yako. "Kwa nini watoto wetu wanajua kujumlisha ila wakipewa hesabu za sehemu wanapotea?" nalo ni swali. Chagua moja kwa muhula mzima, uliandike ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Ukiwa na maswali matano hutajifunza hata moja.

Hatua ya 2: Itengee simu saa yake

Nyamazisha makundi yote kwa saa moja au mbili kwa wiki, saa ambayo ofisi ya kata haikutafuti. Pakua mafaili makubwa usiku kwa bando la bei nafuu, uyahifadhi kwenye folda moja yenye jina la swali lako, uyasome bila intaneti. Walio juu huko Uru na Kibosho, ambako mvua za masika zikikolea umeme hukatika na mtandao huyumba, wanajua kwa nini nasema pakua kwanza.

Hatua ya 3: Soma uchambuzi wa NECTA kwa kalamu mkononi

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako mwingi. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, wote tunakimbilia tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA, kuangalia shule imeshika nafasi gani. Tovuti hiyohiyo ina taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na kwa darasa la saba zipo za Kiswahili. Ni mafunzo ya bure yaliyoandikwa kutokana na karatasi za watoto wetu wenyewe. Taarifa hizo huonyesha, katika maswali ya kuchagua, asilimia ya watahiniwa waliochagua kila jibu, kisha hueleza kwa nini waliokosa walivutwa na jibu lile.

Usisome ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Chukua swali moja lililowashinda wengi, ufanye hivi. Tuseme linadai kujumlisha 3/5 na 1/4. Jibu ni 17/20. Kabla ya kusoma maelezo, jiulize mtoto aliyepata 4/9 alipita wapi. Amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Sasa nenda mbele kidogo: 4/9 ni ndogo kuliko 3/5. Mtoto ameongeza kitu, kikapungua, na hakushtuka. Maana yake sehemu kwake ni namba mbili zilizopandana, haioni kama kipande chenye ukubwa. Tatizo hilo halitibiwi kwa kumkaririsha kanuni ya asili zinazofanana. Linarudi nyuma hadi darasa la tatu au la nne, kwenye kukunja karatasi na kugawa chungwa.

Ukishaliona hilo, chukua madaftari kumi ya darasa la sita shuleni kwako, utafute kosa hilohilo. Ukilikuta, hapo una kitu cha kuzungumza na mwalimu wa Hisabati, hata kama wewe ulisomea Historia. Mwalimu mkuu anayeingia kwenye mazungumzo na kosa la mtoto mkononi husikilizwa tofauti na anayeingia na wastani wa kata.

Hatua ya 4: Rekodi sauti yako mwenyewe

Kila simu ina kinasa sauti, na hicho ndicho chombo cha mafunzo kinachopuuzwa kuliko vyote. Ukimaliza kumwona mwalimu darasani, mnapokaa kuzungumza, mwombe ruhusa urekodi. Mwambie wazi kwamba anayechunguzwa ni wewe, kwamba hakuna mwingine atakayesikia, na kwamba utafuta baada ya kusikiliza. Akisita, acha. Usilazimishe, maana siku atakapoamini kwamba simu yako ni ya kumkamata, hutajifunza kitu kwake tena.

Jioni isikilize na daftari. Tafuta mambo matatu tu. Nani amezungumza zaidi? Umeuliza maswali mangapi ambayo kweli hukuwa na jibu lake? Mmeachana mkiwa mmekubaliana jambo gani la kujaribu wiki ijayo? Kwa kawaida utasikia hotuba: pongezi, "lakini", halafu mambo sita ya kurekebisha. Hakuna mwalimu anayeondoka na mambo sita. Safari inayofuata mpe nafasi aanze yeye, kwa swali kama "Mwalimu, ni wapi ulihisi watoto wamekuacha?" Kisha nyamaza. Ukimya huo ni mgumu kwetu tuliozoea kutoa maelekezo paredi, lakini ndipo mwalimu anapoanza kusema yaliyo kweli.

Hili linajibu swali la Februari na Mei kuliko kozi yoyote ninayoijua.

Hatua ya 5: Tafuta wenzako wawili

Kundi la watu mia mbili halifundishi, linatangaza. Tafuta walimu wakuu wawili tu, na ikiwezekana mazingira yenu yatofautiane. Aliye mlimani ambako watoto wanapungua kila mwaka akae na wa tambarare, Himo au Arusha Chini, mwenye madarasa yaliyojaa. Wekeni kikundi cha WhatsApp cha watatu chenye masharti machache: hakuna kusambaza matangazo, hakuna salamu za kunakili, kila mwezi kila mmoja anatuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu akisema alichojaribu na kilichotokea. Wengine wawili hujibu kwa maswali kwanza. Ushauri unakuja baadaye, ukiombwa.

Picha za watoto na karatasi zenye majina yao zisiingie humo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtoto aliyepata mbili ya hamsini ana haki ya kutozungushwa kwenye simu za watu wazima. Ziba jina kabla hujapiga picha.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo tafuta kozi

Ukiwa na swali, mwalimu wako na wenzako wawili, kozi itakuwa na kazi ya kufanya. Anza na mfumo wa kujifunzia wa Taasisi ya Elimu Tanzania, ambamo kuna moduli za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), na Maktaba Mtandao yao yenye vitabu vya kiada. Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika 2024, mwalimu mkuu asiyeufungua mwenyewe anaongoza kwa kusimuliwa. Anayetaka cheti cha uongozi wa elimu aulize ADEM, wakala wa serikali wa mafunzo ya uongozi wa elimu, Bagamoyo. Kwa wanaosoma Kiingereza bila shida, OpenLearn ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza ina kozi za bure unazosoma kwa mwendo wako. Chukua sehemu inayogusa swali lako, nyingine ziache bila kujilaumu.

Kuhusu akili unde kama ChatGPT: ni nzuri kwa mazoezi. Ieleze mazungumzo magumu unayoyatarajia na mwalimu mtoro, iambie iwe huyo mwalimu, mjibizane kabla hujamwita ofisini. Lakini usiiulize waraka unasemaje. Inaweza kukutajia namba ya waraka ambao haupo, kwa lugha safi kabisa. Nyaraka zisome zenyewe, au muulize Afisa Elimu Kata.

Hatua ya 7: Mwisho wa muhula, rudi kwenye daftari

Chini ya swali lako andika aya mbili: nini kimebadilika katika namna unavyofanya kazi, na ushahidi wake uko wapi. Ushahidi ni madaftari, ni rekodi ya pili ikilinganishwa na ya kwanza, ni mwalimu aliyekuja mwenyewe kukuomba umwone darasani. Cheti peke yake hakihesabiki hapa.

Zisome aya hizo mbele ya walimu wako kwenye kikao cha jumuiya ya kujifunza cha MEWAKA, ukiwaambia waziwazi kwamba ulikuwa unajifunza. Kisha wape karatasi, kila mmoja aandike swali lake la muhula unaofuata. Kama lako halijapata jibu, endelea nalo, ila muombe mmoja wa wale wenzako wawili aje kukaa nawe unapozungumza na mwalimu.