Unataka likizo ya kupanda Kilimanjaro? Soma haya kabla hujalipia

Likizo ya kutumia miguu naipigia debe na sitaacha. Mtu wa ofisini mgongo unamuuma, usingizi wa kukatikakatika, kila saa yupo kwenye simu, mpeleke mlimani siku kadhaa au hata Lushoto akatembee milima ya Usambara, saa mbili usiku kashalala fofofo, na akirudi hata wanawe wanaona kapunguza kufoka. Ila faida hiyo anaipata aliyejiandaa, asiyejiandaa anarudi anaumwa.

Anza mazoezi miezi miwili mitatu kabla. Jogging ya Jumamosi peke yake haitoshi, panda ngazi za ghorofa ukiwa na begi mgongoni, tembea masaa manne matano mfululizo. Buti za mtumba pale Memorial Moshi zipo nzuri tu ila usinunue leo ukapande kesho, zivae kwanza zizoee mguu. Kucha za vidole vya miguu kata fupi, kwenye kushuka ndo zinang'oka. Nguo za baridi kodi kama huna, usiku wa kwenda kileleni baridi inashuka chini ya sifuri. Una presha, pumu au sikoseli? Daktari kwanza, hakuna mjadala.

Sasa suala la siku, hapa soma taratibu. Njia ya Marangu inauzwa siku tano au sita. Hiyo ya ziada ni ya kubaki kambi ya Horombo, mita 3,720, unatembea kidogo kuelekea kilele cha Mawenzi unarudi kulala palepale ili mwili uzoee hewa. Watu wanaikata kwa sababu ya hela. Kundi tuliloenda nalo lililipiwa siku tano, na humo kulikuwa na kaka mmoja mkimbiaji, fiti kuliko sisi wote, njia nzima yuko mbele, gaidi (yaani guide, muongoza wapandaji) anamwita "pole pole kaka" wala hasikii. Kichwa kilianza kumuuma Horombo akanyamaza, akawa anameza Panadol kimyakimya maana hakutaka aonekane mzembe mbele ya wenzake. Kufika kambi ya Kibo, karibu mita 4,700, chakula hakishuki, anatapika, sisi tunasema uchovu. Gaidi akamwambia tembea mstari ulionyooka, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Akayumba kama mlevi. Gaidi hakujadiliana na mtu, usiku uleule akawaita wagumu, wale wabeba mizigo, wakamfunga kwenye machela ya tairi moja wakaanza kushuka naye gizani, na kadiri walivyoshuka ndo alivyozidi kupata akili, asubuhi Horombo akanywa uji mwenyewe.

Kuyumba vile ni dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba. Wangesubiri kukuche tungeweza kumzika. Na kuwa fiti hakukukingi hata kidogo, tena mtu mwenye pumzi ndo anapanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea, wakati kule kileleni, mita 5,895, kila pumzi unayovuta ina kama nusu tu ya oksijeni unayoipata Dar.

Kwa hiyo lipia hiyo siku ya ziada, kama hela haitoshi ahirisha mpaka itoshe. Kichwa kikiuma, kichefuchefu, hamu ya kula hamna, mwambie gaidi dakika ileile, na usipande kwenda kulala juu zaidi mpaka kipoe. Kikizidi, shuka. Ukikohoa na kukosa pumzi hata umekaa, shuka pia usiku huohuo. Diamox, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, inasaidia ila muulize daktari kabla, usipewe na mwenzako njiani. Pombe na vidonge vya usingizi acha kabisa.

Kampuni iulize maswali kabla hujatoa hela: magaidi wangapi kwa watu wangapi, oksijeni ipo, mgumu habebeshwi zaidi ya kilo 20, analipwa vizuri? Wakikujibu kwa kuzungukazunguka tafuta wengine. Kama ni mara yako ya kwanza usiende masika, mvua na utelezi vitakumaliza. Maji kunywa hata kama husikii kiu, krimu ya jua paka hata kama kuna wingu, namba ya ndugu yako mwachie gaidi. Na ukishashuka usishike usukani siku hiyohiyo kurudi Dar, usingizi utakuzidi barabarani, lala Moshi kwanza.